Anayeshika Faili Lako: Kuchagua Wakili wa Kununua au Kuuza Nyumba England

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu na ndugu zangu nyote mliofika mchana huu, asalaam aleikum, na wenye salamu nyingine, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kumchagua wakili wa kununua au kuuza nyumba hapa England, jambo ambalo wengi wetu hulikumbuka wakati umeshapita. Utaratibu wa watu wetu tunaujua. Mtu huzunguka na dalali Jumamosi baada ya Jumamosi, huipenda nyumba, hutaja bei, bei hukubaliwa, kisha dalali humuuliza solisita wake, yaani wakili wake, ni nani. Hana. Dalali humtuliza kwamba ofisi yao inaye mtu wao mzuri, na kabla ya magharibi barua pepe imeshaingia, ina fomu za kutia saini na ombi la malipo ya kufungulia faili. Mtu aliyetumia miezi sita kuchagua jiko na idadi ya vyumba amechaguliwa wakili kwa dakika kumi, na aliyemchagulia ni yule anayelipwa na muuzaji.

Simlaumu dalali. Ofisi nyingi za udalali hupokea kamisheni kwa kila mteja wanayempeleka kwa wakili, na hilo si kosa maadamu limesemwa wazi. Wakili naye anawajibika kukueleza kwamba amelipia kuletewa wewe. Ninachotaka mkione ni mahali alipokaa kila mmoja katika biashara hii. Dalali analipwa na muuzaji. Mthamini anayekuja kuiangalia nyumba baada ya kuomba mkopo ametumwa na benki, na ripoti yake ni ya benki. Mshauri wa mikopo naye kwa kawaida anapata kamisheni mkopo unapopita. Anayebaki na wajibu wa kisheria wa kulinda maslahi yako ni wakili, na hata yeye, ukinunua kwa mkopo, mara nyingi huiwakilisha benki pia katika faili hilo hilo, hivyo unachomwambia kinachohusu mkopo hawezi kuificha benki. Kwa sababu hiyo swali la kwanza kabisa ni kama ofisi hiyo imo katika orodha ya mawakili wanaokubaliwa na benki yako. Kama haimo, benki inaweza kuweka wakili wake, na kwa kawaida gharama yake utaibeba wewe.

Ushauri wangu, basi, ni kumtafuta wakili kabla ya kuitafuta nyumba, na kumpima kwa maswali anayokuuliza yeye kuliko kwa bei anayokutajia. Yatakayofuata ni ufafanuzi wa hilo.

Sheria ya hapa ina jambo ambalo wageni hulishangaa: bei iliyokubaliwa kwa mdomo haimfungi mtu. Kwa sheria ya mwaka 1989, mkataba wa ardhi au nyumba lazima uwe wa maandishi, uwe na masharti yote, na utiwe saini. Na kwa desturi huanza kufunga pale mawakili wa pande mbili wanapobadilishana mikataba, wakati ambao mnunuzi hutoa arubuni, mara nyingi asilimia 10 ya bei. Kabla ya hapo muuzaji anaweza kumpokea mwingine mwenye bei ya juu, na mnunuzi anaweza kuondoka. Baada ya hapo mnunuzi akiondoka anaiacha arubuni. Kazi yote ya maana ya wakili wa mnunuzi iko katika majuma yanayotangulia siku hiyo, kwa kuwa kanuni ya msingi ya biashara ya nyumba ni kwamba mnunuzi ajiangalie mwenyewe. Kasoro iliyogunduliwa kesho yake ni yako.

Katika majuma hayo wakili anasoma hati miliki kutoka HM Land Registry, ofisi ya serikali ya usajili wa ardhi, anaagiza upekuzi kwenye halmashauri, kwenye kampuni ya maji na katika kumbukumbu za mazingira, na pale palipokuwa na machimbo anaongeza upekuzi wa makaa ya mawe. Anauliza kama chumba kilichoongezwa nyuma kilikuwa na kibali na cheti cha kukamilika. Lakini nyumba yenyewe haendi kuiona. Wengi hawalijui hili. Wakili wako pengine hatakanyaga mtaa huo maisha yake yote. Anafanya kazi na karatasi, na ramani ndogo iliyozungushiwa mstari mwekundu. Kama uani kuna njia ambayo jirani anapitisha mapipa yake ya taka, au dari imegeuzwa kuwa chumba cha kulala, au gereji imejengwa nje ya ule mstari, yeye hawezi kujua usipomwambia. Wakili mzuri, kwa hiyo, hukutumia ramani hiyo akakuomba uende nayo hadi kwenye nyumba, uitembeze mpakani, umjibu kwa maandishi. Ukikutana na ofisi isiyokutumia ramani hadi siku ya saini, umeshapata jibu juu yao.

Sasa nije kwenye jambo linalotugusa sisi kuliko jirani zetu Waingereza, nalo ni chanzo cha fedha. Kanuni za kuzuia utakatishaji fedha za mwaka 2017 zinamlazimu wakili kujua fedha za nyumba zimetoka wapi, na akipuuza anaweza kushtakiwa yeye mwenyewe. Kwa mtu aliyeweka akiba ya mshahara katika akaunti moja, taarifa za benki za miezi sita mara nyingi hutosha. Lakini arubuni zetu haziji hivyo. Kuna pauni 6,000 za mchezo wa akina mama, ambazo zamu ilipofika ziliingia kutoka akaunti kumi na mbili tofauti siku mbili mfululizo. Kuna zilizotoka kwa kaka aliyeuza kiwanja Kigamboni. Kuna alizotuma mjomba kutoka Muscat. Kuna zilizokuwa M-Pesa, zikapelekwa benki Nairobi, zikabadilishwa na kuja huku kwa mafungu. Kila moja ni halali kabisa, na kila moja, kwa macho ya mhasibu wa ofisi ya wakili asiyejua upatu ni kitu gani, inafanana na jambo la kutiliwa shaka.

Nimewahi kusoma barua ambayo ofisi moja ilimwandikia mama wa kwetu ikimtaka aeleze "uhusiano wake wa kibiashara" na wanawake kumi na wawili. Wote walikuwa majirani na wenzake wa kazini. Mama alikasirika, akajibu kwa mstari mmoja, faili likakaa wiki tano, na muuzaji akaanza kuionyesha nyumba kwa watu wengine. Wakili anayetufaa angemuuliza hayo siku ya kwanza, kwa adabu, akamwelekeza cha kuleta: daftari la mchezo lenye majina na zamu, ujumbe wa kikundi unaoonyesha zamu yake, na barua fupi ya mweka hazina. Waliotangulia walisema mali bila daftari huisha bila habari, na huku ofisi za mawakili zimelifanya hilo kuwa sharti. Kwa fedha ya zawadi, ataomba barua ya mtoaji inayosema si mkopo na kwamba hadai sehemu ya nyumba, pamoja na kitambulisho cha mtoaji na taarifa ya benki yake, hata kama yuko Tanga au Mombasa. Muulize wakili kabla hujamwajiri: je, mnapokea fedha iliyotoka nje ya Uingereza, na mnataka karatasi gani? Zipo ofisi ambazo hazipokei kabisa, na ni haki yao, lakini ulijue hilo mwezi wa kwanza na si wa tatu.

La pili linalotugusa ni ushuru wa stempu, na hapa naomba mnisikilize kwa makini zaidi, kwa sababu ni mahali ambapo watu waaminifu hutoa taarifa isiyo sahihi bila kujua. Tangu tarehe 1 Aprili 2025, anayenunua nyumba kwa mara ya kwanza England halipi ushuru kwa pauni 300,000 za mwanzo, ilimradi bei haizidi pauni 500,000. Lakini "mara ya kwanza" hapa maana yake ni kutowahi kumiliki nyumba popote duniani. Nyumba yako ya Mbagala inahesabiwa. Nyumba ya urithi kule Malindi, ambayo jina lako limo kwenye hati pamoja na ndugu zako, inahesabiwa. Zaidi ya hayo, kama siku ya kununua unamiliki nyumba nyingine mahali popote, na sehemu yako ina thamani ya pauni 40,000 au zaidi, unaweza kutozwa nyongeza ya asilimia 5 ya bei yote. Na kwa wanandoa wanaoishi pamoja, nyumba ya mmoja inamgusa mwenzake hata kama jina lake halimo.

Tuhesabu nyumba ya pauni 280,000. Mnunuzi wa mara ya kwanza halipi kitu. Aliyewahi kumiliki nyumba na sasa hana anadaiwa pauni 4,000. Mwenye nyumba nyingine inayohesabika anadaiwa pauni 18,000. Nyumba ni hiyo hiyo, mshahara ni huo huo, na tofauti yote imo katika swali moja ambalo wakili ameuliza au hakuuliza. Fomu nyingi za ofisi zina kisanduku kidogo kinachosema "mnunuzi wa mara ya kwanza", na mtu wetu, kwa kuwa kweli hajawahi kununua nyumba Uingereza, anaweka alama. Ripoti hupelekwa mamlaka ya kodi ndani ya siku 14 baada ya kukamilisha ununuzi, na anayewajibika kwa usahihi wake ni mnunuzi, ijapokuwa imejazwa na wakili. Soma pia barua ya makubaliano: baadhi ya ofisi huandika humo kwamba hazitoi ushauri wa kodi. Kama una nyumba au sehemu ya nyumba nyumbani, hata iliyosajiliwa kwa jina la marehemu baba na mirathi haijafungwa, hiyo ndiyo habari ya kumpa wakili kwenye simu ya kwanza. Akiipitia haraka haraka, mshukuru, kata simu, piga nyingine.

Kuhusu sifa rasmi nitasema kwa ufupi. Kazi hii hufanywa na solisita anayesimamiwa na mamlaka inayojulikana kwa herufi SRA, au na mtaalamu wa uhamishaji miliki mwenye leseni, anayesimamiwa na baraza la CLC, kundi lililoruhusiwa na sheria ya mwaka 1985. Wote wawili wanafaa. Tovuti za wasimamizi hao zina daftari la majina, na kulitazama ni kazi ya dakika tano. Nyota za mtandaoni zina faida yake, lakini soma maoni ya waliochelewa na uone ofisi iliwajibuje. Na tafadhali, wakili aliyekupigania viza hadi ukapata makazi anastahili heshima zako zote, ila kesi za uhamiaji na hati za nyumba ni fani mbili mbalimbali, na utiifu wa aina hiyo umewagharimu watu wetu.

Tukija kwenye bei, mawakili wanalazimika tangu Desemba 2018 kutangaza kwenye tovuti zao gharama za kazi hii, kwa hiyo huna sababu ya kubahatisha. Ugumu ni kwamba bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa huwa si bei utakayolipa. Chini yake kuna kodi ya VAT ya asilimia 20, kisha nyongeza moja moja: kwa kuwa kuna mkopo, kwa kuwa kuna zawadi, kwa kuwa ni fleti, kwa kujaza fomu ya ushuru, kwa kutuma fedha benki, kwa kukagua kitambulisho. Mbali na ada hizo kuna malipo ambayo wakili anayatoa kwa niaba yako, kama ya upekuzi na ya usajili, ambayo hayatofautiani sana kati ya ofisi na ofisi. Omba jumla ya mwisho kwa maandishi, ukieleza kila hali yako, na uulize utalipa nini biashara ikivunjika. Ukifanya hivyo kwa ofisi tatu, utaona mara nyingi kwamba ile iliyoonekana rahisi imepanda ikalingana na wenzake.

Ninachokithamini kuliko tofauti ya pauni 200 ni kumjua mtu atakayeshika faili lako. Zipo ofisi zinazoendesha maelfu ya majalada kwa mpigo, ambako simu tatu zitapokelewa na watu watatu, kila mmoja akianza upya. Uliza jina la mshikaji, kama ni wakili kamili au msaidizi, nani anamsimamia, nani atashika akienda likizo, na kama una namba yake ya moja kwa moja. Kisha mtumie swali dogo kwa barua pepe kabla ya kumlipa chochote. Ukijibiwa baada ya siku nane, wakati bado anakutafuta uwe mteja, usitarajie mwendo mwingine atakapokuwa amekupata.

Wanaonunua fleti wachague kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa fleti nyingi za England hununuliwa kwa lizi: unamiliki kwa idadi ya miaka, ardhi na jengo vikiwa vya mwingine, nawe unalipa gharama za matunzo kila mwaka. Wakili anayeijua kazi hii atakueleza mapema miaka iliyobaki, kwa sababu lizi iliyoshuka chini ya miaka 80 imekuwa ghali zaidi kuongezewa muda, na benki nyingi hazipendi lizi fupi. Baada ya moto wa Grenfell Tower, jengo refu la makazi London, Juni 2017, ikaja sheria ya usalama wa majengo ya mwaka 2022, na majengo ya kuanzia mita 11 au ghorofa tano yakawa na karatasi zake za ziada kuhusu nani atalipia ukarabati wa kuta. Baadhi ya mawakili hawapokei kabisa fleti za majengo hayo. Taja urefu wa jengo siku ya kwanza.

Kwa wanaouza, kosa kubwa ni kufikiri kwamba wakili wa muuzaji ana kazi ndogo, hivyo yeyote atafaa. Muuzaji hujaza fomu ndefu ya maelezo ya nyumba: migogoro na majirani, ukarabati, mafuriko, hata ule mmea wa knotweed wa Kijapani unaosemekana kuharibu misingi. Majibu hayo yanamfunga. Mwaka 2023 mahakama ya London ilimwamuru muuzaji aliyekana kuwepo kwa mmea huo kumlipa mnunuzi fidia. Wakili mzuri hupitia majibu yako pamoja nawe badala ya kukutumia fomu uijaze usiku peke yako. Mwajiri wakili kabla ya kuweka bango, akusanye vyeti na hati mapema, kwa sababu wauzaji wengi hupoteza wanunuzi kwa kungoja karatasi ambazo zingeweza kuwa tayari.

Wapo pia miongoni mwetu wenye nyumba hapa ambao hukaa nyumbani miezi mingi. Mwaka 2021 mchungaji mmoja aliyekuwa akifanya kazi Wales alirudi kwenye nyumba yake ya Luton akakuta kitasa kimebadilishwa, samani hazimo, na nyumba imeuzwa kwa pauni 131,000 na mtu aliyejifanya ndiye yeye. Mwenye nyumba asiyeishi ndani yake anaweza kuomba HM Land Registry iweke zuio, kwa fomu ya RQ, ili mauzo yoyote yasisajiliwe bila wakili kuthibitisha kwamba muuzaji ni mwenye mali kweli. Kuna pia huduma ya bure ya kutumiwa taarifa mtu anapoigusa hati yako. Muulize wakili unayetaka kumwajiri kama huwaeleza wateja wake habari hizi.

Udanganyifu mwingine humpata mnunuzi siku ya kutuma fedha. Wezi huingia katika barua pepe, huzifuatilia wiki kadhaa, kisha siku ya malipo hutuma ujumbe wenye nembo ya ofisi wakisema akaunti imebadilika. Ofisi makini hukupa namba za akaunti yake ya wateja mwanzoni kabisa, ikakwambia hazitabadilika. Wewe nawe piga simu kwa namba uliyoipata siku ya kwanza, wala si iliyo chini ya ujumbe huo, msomeane tarakimu, halafu tuma kiasi kidogo kwanza.

Ndugu wanaonunua pamoja, au mke na mume wanaotoa viasi tofauti, wamuulize wakili watamilikije. Kuna umiliki ambao mmoja akifariki nyumba yote inakwenda kwa aliyebaki, wosia usemavyo vyovyote. Na kuna umiliki wa mafungu, ambao fungu la kila mmoja linaweza kurithiwa na watu wake. Kwa Mwislamu anayetaka mirathi yake igawanywe kwa taratibu za dini, na kwa kaka aliyetoa theluthi mbili ya arubuni, tofauti hiyo ni kubwa mno kuachiwa kisanduku cha kuwekwa alama. Ikihitajika, wakili huandaa hati ya kueleza mafungu.

Mambo yakiharibika, lalamika kwanza kwa ofisi yenyewe kwa maandishi. Ikipita wiki nane bila jibu la kuridhisha, malalamiko huenda kwa Legal Ombudsman, msuluhishi huru wa malalamiko dhidi ya mawakili, bila malipo. Niliyoyasema ni ya England. Wales ina ushuru wake wa ardhi, na Scotland ina sheria tofauti kabisa, hivyo anayenunua Glasgow amtafute wakili wa huko.

Mwenyekiti ameniambia wapo waliokuja na barua za makadirio ya gharama. Zifunikeni namba za akaunti na anwani zenu, kisha mzilete hapa mezani tuzisome moja moja, tukianza na wale ambao wamebakiza siku chache kutia saini.